Kujibu Maswali ya Mahojiano ya Kazi kwa Yale Uliyoyafanya

Vijana wengi wa Chale, Gazi, Makongeni na Kinondo wanapoitwa kwenye mahojiano ya kazi huangushwa na swali moja kabla ya mengine yote: "Una uzoefu gani?" Jibu linalotoka ni fupi, "Sina." Mwombaji hunyamaza, wanajopo hutazamana, na dakika zilizobaki huwa za kukamilisha ratiba tu.

Huenda aliyejibu hivyo amekuwa akiuza samaki tangu akiwa darasa la sita, akiweka daftari la chama cha mamake, akivuta nyavu na babake kila maji yanapokupwa, au amefanya kibarua cha hoteli misimu mitatu mfululizo. Hayo yote ni uzoefu. Kinachomshinda ni kuyaeleza mbele ya watu watano wenye kalamu na karatasi za alama. Somo hili linahusu namna ya kuyaeleza.

Jopo linatafuta nini

Kwanza ni vyema mwombaji ajue upande wa pili wa meza unafanya nini. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa kuajiri katika utumishi wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ndiyo iliyounda Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti, na inaitaka bodi itangaze nafasi zake kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wameachwa nyuma. Ustahili huo lazima upimwe kwa kitu kinachoonekana. Ndiyo maana mara nyingi waombaji wa nafasi moja huulizwa maswali yale yale, na kila mwanajopo huandika alama zake kwenye karatasi yake.

Hoteli na kampuni za binafsi zina uhuru zaidi, lakini nazo zimekuwa zikifuata mtindo huo. Kuna sababu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha mapitio ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Yalionyesha kuwa mahojiano yenye maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kiholela. Mwanajopo anayepiga soga tu na mwombaji huishia kumchagua mtu anayefanana naye.

Swali linaloanza na "Tuambie siku moja ambapo..." nalo lina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia John Flanagan na wenzake walikuwa wakilisaidia jeshi la anga la Marekani kuchagua na kufunza marubani. Walipotazama sababu ambazo wakufunzi waliandika za kuwaondoa wanafunzi, walikuta maneno ya jumla yasiyosaidia, kama vile hana uamuzi mzuri, au hali yake haifai. Wakaanza kuwataka watu waeleze matukio mahususi: ilikuwa wapi, rubani alifanya nini hasa, na nini kilitokea baadaye. Flanagan aliandika kuhusu njia hiyo mwaka 1954. Kijana wa Chale anayeulizwa hotelini Diani, "Eleza siku uliyomhudumia mgeni mwenye hasira," anakutana na mjukuu wa swali hilo.

Kisa kina uzito kuliko sifa

Sikiliza waombaji kumi wakijibu swali la kwanza. Wanane watasema ni wachapa kazi, ni waaminifu, na wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Huenda wote wanasema kweli. Lakini mwanajopo hana pa kuweka alama, kwa sababu maneno hayo anaweza kuyasema mtu yeyote, hata mvivu.

Kisa kinampa pa kuweka alama. Kisa kizuri cha mahojiano kina mambo manne tu: ilikuwa wapi na lini, mwombaji alikuwa na jukumu gani, alifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje. Hakihitaji kuwa cha ajabu.

Tuchukue mfano wa kijana anayeomba kazi ya kupokea wageni na mizigo. Kisiwa cha Chale kina hoteli, na wageni huvushwa kutoka bara kwa mashua au trekta kulingana na maji. Kijana huyo aliwahi kufanya kibarua mahali kama hapo. Anaulizwa: "Tueleze siku kazi ilipokuwa ngumu." Anaweza kujibu hivi:

"Ilikuwa Agosti mwaka jana. Nilikuwa kibarua wa kubeba mizigo ya wageni wanaovuka. Familia ya watu sita ilichelewa kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda, na walipofika maji yalikuwa yameanza kujaa. Jukumu langu lilikuwa kuhakikisha mizigo yao inavuka bila kupotea wala kuloa. Mashua iliyokuwapo ilikuwa ndogo. Nilimwomba nahodha awavushe watu kwanza, mizigo ifuate safari ya pili. Kabla hawajaondoka nilihesabu mabegi mbele ya baba wa ile familia, yakawa 11, nikamwandikia kwenye karatasi. Yote 11 yalifika. Moja liliingia maji kidogo chini. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaliona, nikaomba ruhusa nilipeleke dobi, na jioni alikuwa nalo."

Jibu hilo halichukui hata dakika mbili. Neno mwaminifu halimo, lakini uaminifu umeonekana pale kijana alipomwambia mgeni habari ya begi lililoloa. Uangalifu umeonekana kwenye ile karatasi. Ujuzi wa maji umeonekana bila kutajwa. Lile begi lenyewe linasaidia: kisa ambacho kila kitu kilikwenda sawa husikika kama cha kutunga, na mwanajopo mzoefu huanza kukichokonoa.

Nambari zinafaa kila zinapokuwapo. "Niliuza samaki" halimwambii mwanajopo mengi. "Nilikuwa nikichukua kilo 20 alfajiri pale Gazi, na kufikia saa nne nimemaliza" linamwambia kwamba mtu huyu anaamka, anahesabu na anauza.

"Tulifanya" na "nilifanya"

Hapa pana tatizo la malezi, na ni vizuri litajwe waziwazi. Mtoto wa Pwani hufunzwa kwamba kujisifu ni aibu. Anayeanza kila sentensi kwa "mimi" huambiwa ana kiburi, na methali ya mgema na tembo lake haiko mbali. Basi anapofika mbele ya jopo, adabu yake yote humtoka kwa kiambishi kimoja: tulipanda, tulipanga, tuliuza, tulisaidiana.

Mwanajopo anasikia, anapenda heshima hiyo, halafu hajui aandike nini. Kikundi hakiombi kazi. Akiuliza, "Na wewe binafsi ulifanya nini?" huwa anampa mwombaji nafasi ya pili, na wengi huipoteza kwa kurudia, "Tulikuwa tunafanya pamoja."

Dawa yake haihitaji mtu abadili tabia. Aanze na "tu" pale kazi ilipokuwa ya wote, kisha aingie kwenye "ni" kwa sehemu yake. Mfano mzuri unatoka Gazi na Makongeni, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukitunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni tangu 2013, na mapato yake kusaidia maji na shule za vijiji hivyo. Kijana aliyejitolea katika kazi ya namna hiyo anaweza kusema: "Tulikuwa kikundi cha watu 15 tukipanda mikoko. Mimi nilikuwa nikiandika idadi ya miche iliyopandwa kila siku, na baada ya miezi mitatu nilirudi kuhesabu iliyoshika. Nilipoona upande wa nje imekufa mingi, nilimweleza kiongozi wetu, akatuhamishia ndani kidogo." Wenzake hawakudhulumiwa, na yeye amepata alama zake. Hakujisifu popote. Alisema alichofanya, akawaachia wanajopo waamue.

Kazi isiyo na barua

Wapo wanaosema, "Hayo ni ya kwetu nyumbani, siyo kazi ya kusema ofisini." Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi zaidi katika wadi za Kinondo na Ramisi, na linawagharimu wasichana kuliko wavulana, kwa sababu kazi nyingi za msichana hazilipwi na haziitwi kazi.

Msichana aliyemsaidia mamake kuuza mahamri na mbaazi kila asubuhi kwa miaka minne amejua kununua unga kwa bei inayopanda na kushuka, amejua mteja anayekopa na asiyelipa, na amejua kuamka saa kumi. Akiomba kazi ya jikoni au ya keshia, hayo ndiyo anayoulizwa. Kinachotakiwa ni ayaseme kama kazi: ilianza lini, wateja walikuwa wangapi kwa siku, pesa zilihesabiwa vipi, deni lilifuatwa vipi. Mwenye kibanda cha M-Pesa alijifunza kutunza floti na kumzuia tapeli. Bodaboda wa Mwabungo anajua njia, anajua wateja, na ana kisa cha usiku ule alipompeleka mama mjamzito hospitali ya Msambweni. Mvuvi anayepanga madema anajua bamvua na maji mafu, anajua kusoma anga, na amefanya kazi na nahodha mkali bila kugombana.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamii mbili za pwani hii. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2016, na Wapemba mwaka 2023. Wengi wao walifanya kazi kwa miaka mingi bila kitambulisho, na kwa hiyo bila mkataba wala barua yoyote. Leo wana kitambulisho, lakini karatasi ya uzoefu haipo. Mvuvi wa Kipemba mwenye miaka 40 anayeomba kazi ya mlinzi au ya nahodha wa mashua ya wageni hana cha kuonyesha isipokuwa anachoweza kusimulia. Hapo kisa kilichopangwa vizuri ndicho cheti chake, na hana sababu ya kuona haya kueleza kwa nini hana kingine: "Sikuwa na kitambulisho hadi mwaka huo, kwa hiyo hakuna aliyeniandika. Lakini nimeendesha mashua tangu nikiwa na miaka 16, na mwenyekiti wa BMU yetu ananijua."

Maneno hayo ya mwisho yasipuuzwe. Ushahidi wa kazi ya kijijini upo, ila watu hawaufikirii. Mwenyekiti wa BMU, mweka hazina wa chama, mwalimu mkuu, imamu au mchungaji, na chifu wanaweza kuandika barua fupi inayosema wanamfahamu mwombaji kwa kazi gani na tangu lini. Aliyefanya kibarua akilipwa kwa simu atazame jumbe zake za zamani za M-Pesa. Zitamkumbusha tarehe alizoanza na alizoacha. Kuna waombaji waliotajirika kwa visa lakini hushindwa kutaja hata mwaka, na mwanajopo huanza kuwa na shaka.

Kinyume chake, mtu asitunge. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za umma ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Uongo wa mdomo nao hugunduliwa, tena mapema zaidi. Anayesema aliwahi kuwa mpishi huulizwa sufuria ya wageni 50 huwekwa mchele kilo ngapi.

Maswali yanayorudi kila mara

"Tueleze kukuhusu." Wengi huanza na jina la baba, kijiji, idadi ya ndugu na shule ya msingi, na dakika tatu zinaisha kabla hawajafika kwenye kazi. Wanajopo tayari wana wasifu mkononi. Mwombaji aseme sentensi moja ya anakotoka, mbili za anachokijua kufanya, na moja ya kwa nini nafasi hii. Kwa mfano: "Mimi natoka Chale, na nimemaliza mafunzo ya upishi mwaka jana. Kabla ya hapo nilimsaidia mamangu na biashara ya chakula kwa miaka minne, nikiwa mwenye kuhesabu pesa. Nimeomba kazi hii kwa sababu jikoni ndiko ninakofanya vizuri, na nataka kujifunza upishi wa watu wengi." Basi.

"Kwa nini uliacha kazi yako?" Swali hili linawatisha watu bila sababu, hasa hapa Kwale. Hoteli za Diani zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, maelfu ya watu pwani nzima walirudi nyumbani. Msimu wa mvua ya masika vibarua hupungua kila mwaka. Na uchimbaji wa madini wa Base Titanium, ambao shehena yake ya kwanza iliondoka Februari 2014, ulikoma Desemba 2024, mchanga ulipokwisha. Aliyeachishwa kwa sababu kama hizo aseme hivyo kwa sentensi moja, bila kulalamika, kisha aende moja kwa moja kwenye alichojifunza.

Waliotoka mgodini wana kazi moja zaidi: kuitafsiri lugha ya mgodi. Mwanajopo wa hoteli au wa hospitali hajui mashine zao, na akitajiwa majina yake hachangamki. Lakini dereva wa mgodi aliyekuwa akikagua gari kila asubuhi kabla ya kuwasha, akijaza fomu, na akilikataa gari lenye breki mbovu hata msimamizi akiwa na haraka, ana kisa ambacho mwajiri yeyote wa madereva atakipenda. Asimulie asubuhi moja tu ya namna hiyo: gari gani, kasoro gani, alimwambia nani, na gari lilirudi barabarani baada ya muda gani.

Tofauti ni kwa aliyefukuzwa. Huyo ana njia moja tu nzuri: aseme ukweli kwa ufupi, aseme alichobadilisha tangu hapo, anyamaze. Kumsema vibaya bosi wa zamani humfanya mwanajopo ajiulize atasemwa vipi yeye mwakani.

"Udhaifu wako ni upi?" Jibu la kitabuni, kwamba "ninafanya kazi kupita kiasi", limechoka na linaudhi. Vile vile kukiri jambo linaloua kazi yenyewe, kama mlinzi kusema hulala haraka, ni kujichongea. Ukweli wa wastani wenye hatua iliyochukuliwa unatosha: "Kiingereza changu cha kuandika ni kizito. Tangu Januari naandika ukurasa mmoja kila jioni, na dadangu mwalimu ananisahihishia." Akiulizwa aonyeshe daftari, awe nalo.

"Eleza mgogoro uliokuwa nao na mtu kazini, na ulivyoumaliza." Hapa wengi hujibu kwamba hawajawahi kugombana na mtu. Hilo haliaminiki, na halina alama. Mgogoro si lazima uwe ugomvi. Kijana anayewaongoza wageni katika Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, anajua kwamba mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Akimpata anayekataa kwa sababu ya joto, huo ni mgogoro tosha. Alimwambiaje? Alimweleza maana yake, au alimkaripia? Wageni wengine waliokuwa wakingoja walifanywa nini? Mgeni akiwa aliingia akiwa amejifunga na akatoka akishukuru, vizuri. Akiwa alikataa kabisa na akabaki nje akirudishwa garini kwa heshima, hicho nacho ni kisa kizuri, labda kizuri zaidi, maana kinaonyesha mtu anayejua mahali ambapo sheria haipindwi.

Kwa "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" isitungwe ndoto. Kupanda ngazi moja au mbili katika kazi ile ile ni jibu la kutosha.

Mshahara utafutwe kabla ya siku yenyewe. Nafasi za kaunti huwa na ngazi zake kwenye tangazo. Za hoteli aulizwe anayefanya kazi kama hiyo. Mwombaji ataje kiwango chenye chini na juu, kisha asiongeze maelezo ya karo na kodi ya nyumba.

Maswali yasiyofaa kuulizwa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, Kifungu cha 5, inakataza kumbagua anayetafuta kazi, na siyo aliyekwisha kuajiriwa peke yake, kwa misingi kama vile jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya ukimwi. Bado wapo wanaomuuliza msichana kama ameolewa na anatarajia kuzaa lini. Kugombana chumbani mle hakumsaidii. Anaweza kulirudisha swali kazini: "Nimeiona ratiba ya zamu, na ninaweza kuifuata." Baadaye ana haki ya kulalamika.

Kuna swali linalofanana na hayo lakini si lile. Mwombaji Mwislamu kwenye hoteli ya ufuoni akiulizwa kama yuko tayari kuhudumu baa, hilo ni swali la kazi. Aliyeomba kuwa weita alipaswa kujiuliza mwenyewe akiwa nyumbani, na kuzungumza na wazazi wake kama anaona vyema. Ikiwa hawezi, aseme kwa upole na ataje anachoweza: mapokezi, dobi, usafi wa vyumba, bustani, ofisi. Kukubali leo na kukataa wiki ya pili kunamharibia yeye, na kunamharibia kijana mwingine wa kijiji hicho atakayeomba baada yake.

Na anayedai pesa ili jina lipite asipewe. Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea.

Salamu na lugha

Kijana aliyelelewa kwa "shikamoo" asiiache mlangoni. "Shikamooni" moja kwa jopo la watu wazima, kisha kungoja kukaribishwa kiti, haijawahi kumpunguzia mtu alama. Akikuta vijana wenzake, "Hamjambo" au "Habari za asubuhi" inatosha.

Mahojiano mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Hata hivyo Kifungu cha 7 cha Katiba kinafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Mwombaji aliyekwama katikati ya kisa anaweza kuomba: "Naomba kumalizia kwa Kiswahili, nieleze vizuri." Kwa kazi isiyohitaji kuandika barua, wanajopo wengi watakubali. Kwa kazi ya kuongea na wageni kutoka nje, watataka kusikia Kiingereza, na hapo ni haki yao.

Mazoezi ya nyumbani

Daftari la shilingi 20 linatosha. Mwombaji aandike visa vitano vya kweli: kazi ngumu, kosa alilolirekebisha, mtu mgumu aliyemhudumia, kitu alichokianzisha, na siku aliyofanya kazi na wengine. Visa vitano hivyo, vikigeuzwa kidogo, hujibu maswali mengi kabisa ya jopo. Kila kimoja akisimulie kwa sauti, simu ikihesabu, kisizidi dakika mbili. Asikariri maneno, akariri mpangilio tu, maana aliyekariri hukatika akiulizwa swali la katikati.

Msikilizaji bora wa mazoezi ni mtu anayekatiza. Shangazi asiyejua mambo ya hoteli, atakayeuliza "Sasa hapo ulifanya nini hasa?" ana faida kuliko rafiki anayetikisa kichwa kwa kila neno.

Mwishoni jopo huuliza: "Una swali kwetu?" Kusema "Sina" hapa ni kupoteza nafasi ya bure. Swali zuri hutoka kwenye kazi yenyewe. Mwombaji wa chekechea aulize darasa lina watoto wangapi. Mwombaji wa hoteli kisiwani aulize wafanyakazi wa zamu ya usiku huvuka saa ngapi maji yanapokuwa yamejaa. Jibu lake analihitaji pia yeye mwenyewe: anayeishi Gazi, zamu ikiisha saa nne usiku, lazima ajue atafikaje nyumbani.